Bibi Ahama Shawa

Jumapili, 3 Machi

Leo ni siku ya tisa Bibi hajaoga. Naandika bila nia ya kumwaibisha. Daftari hili halisomwi na mtu, na mimi nikifunga mdomo hata mswaki hauingii.

Aliteleza chini ya shawa. Mguu ulitangulia, nyonga ikafuata. Daktari alisema mfupa haukuvunjika, apumzike, asisimame kitambo kirefu. Tangu siku hiyo Bibi hufika mlangoni pa bafu, huitazama shawa kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma, kisha hurudi kitandani. Hujipangusa kwa kitambaa chenye maji. Basi. Na zile nywele zake nyeupe, ndefu hadi mabegani, alizokuwa akizisuka mwenyewe kila Jumamosi karibu na dirisha, zimeshikana kama nyuzi za gunia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Leo alikuja Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Ni mwalimu mkuu. Huongea na watu wote kama wamepanga mstari. Aliingia chumbani kwa Bibi, akavuta pumzi mara moja, ikamtosha. Akamwambia Baba sebuleni kwamba mama yao hawezi kuachwa achakae mikononi mwa wanaume wawili. Atamchukua akakae kwake. Baba akavitazama vidole vyake vya miguu, ambavyo huvitazama kila Shangazi anapoongea. Bibi akasikia, maana kuta zetu hazijui siri, akasema kutoka chumbani kwamba yeye si kabati la kuhamishwa.

Mwisho wakaafikiana. Shangazi atarudi Jumamosi. Akimkuta Bibi ameoga, kichwa kimetunzwa, Bibi anabaki. La sivyo anapakiwa garini na mto wake.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Bibi ndiye aliyenilea. Nyumba hii ikimkosa Bibi, tunabaki mimi na Baba, na Baba huongea mara mbili kwa siku: asubuhi kuniuliza kama nimefunga bomba, jioni kuniuliza kama nimelifunga kweli.

Nikasimama nikasema kazi hiyo niachiwe mimi. Shangazi akaniuliza nina ujuzi gani wa nywele. Nikamjibu kwamba mimi ni msaidizi wa fundi bomba, mwaka wa pili huu, na nimeshatoa nywele kwenye mabomba ya nusu ya mji. Watu wa saluni wanazijua nywele zikiwa hai. Mimi nazijua mpaka zinapoishia.

"Haya, daktari wa maiti," akasema. "Una siku sita."

Sita zinanitosha. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini akili haikuniacha.


Jumatatu, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kiti cha plastiki chini ya shawa. Nilikitoboa matundu ili maji yapite. Kazi safi. Nikamwita Bibi aje aone.

Alikiona. Akaniambia kwa upole kwamba hatakaa chini ya kitu kilichokwisha kumwangusha mara moja. Akaniambia na jambo ambalo hajamwambia hata daktari. Maji yakimpiga usoni hufumba macho, na akifumba macho hajui tena sakafu iko wapi. Alisema hivyo akitazama dirishani.

Nikakaa nikafikiri. Tatizo si maji. Tatizo ni maji yanayotoka juu. Dawa yake basi ni maji yanayokaa chini, nawe unayakalia. Sinki la kuogea! Lile refu la kulala, kama la kwenye hoteli.

Sina hoteli, lakini najua sinki lilipo. Fundi wa pancha wa mtaa wa pili analo. Alilipata nyumba fulani ilipobomolewa, na ndani yake huzamisha mipira ya magari kutafuta inapovuja. Nikamwendea. Nikampa beseni letu kubwa la kufulia, la bluu, halina hata ufa, tubadilishane. Akacheka. Akasema sinki lile ndilo jicho lake, bila hilo hawezi kuona mpira unapumulia wapi. Akaniuliza nalitakia nini. Nikamwambia habari za Bibi.

Akafuta mikono. Akaenda akalipindua sinki mwenyewe, maji meusi yakatiririka barabarani. Akasema mama yake naye alikuwa haogi siku zake za mwisho, na wao walidhani ni ukaidi.

Kisha akasema beseni nilete hata hivyo.


Jumanne, 5 Machi

Sinki limefika kwa mkokoteni. Watu wa mtaa walitoka kulitazama kama jeneza. Mmoja akauliza kama tumefiwa. Nikamwambia tumestaarabika.

Mlango wa bafu umelikataa. Nililipima kwa macho, na macho yangu hayajawahi kunidanganya, kwa hiyo mlango ndio ulijengwa vibaya. Limekwenda stoo, jirani na jikoni, na mguu wake mmoja uliovunjika nimeuwekea matofali mawili. Nikalisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya mche, kwa mchanga tena. Weusi umetoka. Harufu ya mpira imegoma. Ukiingia stoo kwetu unadhani gari limefunga breki.

Mchana nililijaribu kwa maji. Nilivuta mpira wa bustani kutoka kwenye tenki dogo la darini, lile linalolisha shawa. Maji yakaja kwa heshima zote. Sikujua kwamba Baba amerudi mapema na yuko bafuni. Tenki likaisha. Baba akatoka na taulo kiunoni na povu hadi masikioni, mweupe kama keki ya harusi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama nimefunga bomba.

Amepiga marufuku tenki. Nikitaka kujaza sinki, nikachote bomba la mtaa mzima, lile la mwisho wa kichochoro. Nimehesabu: hatua mia mbili na kumi kwenda, na kurudi ni zilezile ila zinazidi urefu.

Akauliza pia beseni la kufulia liko wapi. Nikamwambia limepata kazi.


Jumatano, 6 Machi

Bibi ameoga!

Naandika kwa mpangilio. Kwanza nilijua mimi siwezi kumwingiza kwenye sinki. Bibi huniita mume wangu tangu nikiwa natambaa, hutania mbele ya wageni kwamba mahari bado namalizia, lakini utani una mlango wake na nguo ni kitu kingine. Kwa hiyo nilimwendea Mama Saluni, mwenye saluni ya kwenye kona. Sinki lake la kuoshea vichwa lilikuwa limeziba. Nikalizibua, akakubali kuja kumsaidia Bibi.

Njiani akanipa ushauri nisiouomba. Alisema mtu aliyezoea shawa akihamia sinki, nywele ndizo huteseka. Sabuni ya mwili isiguse kichwa. Kichwa kioshwe peke yake, kwa shampuu laini isiyo na povu jingi, kisha kondishena, kisha kisuuzwe kwa maji mengine safi, ya jagi. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo. Hawa watu wa saluni lazima wauze kitu. Sabuni ni sabuni.

Ndoo kumi, nne kati yake za moto. Nilizibeba zote mwenyewe. Mama Saluni akafunga mlango wa stoo. Mimi nikakaa nje kwenye ngazi ya jikoni.

Nikasikia maji yakisogea. Kisha nikamsikia Bibi akivuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayetua mzigo, na baada ya hapo hakuacha kusema. Alimsimulia Mama Saluni mambo ya ujana wake ambayo mimi sijawahi kuyasikia na Baba asiyasikie. Alikaa mpaka maji yakapoa. Magoti hayakuenea, alisema, yalibaki nje yanachungulia, lakini mengine yote yalikuwa nyumbani kwao.

Kisha nywele. Zilioshwa mlemle, kwa sabuni ya mche, kama nilivyoagiza. Zilipokauka zikawa kama kamba iliyopakwa gundi. Kichana kiliingia hakikutoka. Meno mawili yamebaki humo.

Nimeelewa kosa, kitaalamu. Maji ya shawa hupita na uchafu wake. Maji ya sinki hukaa nao, kama mashahidi. Utando wa sabuni ukishika kichwa hauachii. Mama Saluni alinitazama tu. Bibi akasema tusijali, ataifunga leso. Akazigusa nywele zake mara moja, taratibu, kama mtu anayegusa kitu cha jirani.

Siku tatu zimebaki.


Alhamisi, 7 Machi

Leo ni siku ya utafiti. Nitatengeneza dawa ya nywele mwenyewe. Kila dawa nitaijaribu kwanza kwenye kichwa changu, kwa sababu mimi ni muungwana, na pia nina nywele nzuri kuliko kijana yeyote mtaani. Hilo si majivuno, waulize.

Dawa ya kwanza: mayai mawili. Nilisikia yanalainisha. Nilipaka, nikasubiri, nikasuuza kwa maji ya birika. Maji yalikuwa ya moto kidogo kuliko nilivyodhani. Mayai yakaiva. Baba akapita akauliza nani anakaanga. Nilichambua kichwa hadi wakati wa kazi na bado paka wa mteja alinifuata chumba hadi chumba, akiniangalia juu kwa mapenzi.

Dawa ya pili: siki. Iliondoa mayai. Iliondoa na uwezo wa kuona kwa dakika kumi. Fundi wangu akasema nanuka kama mtungi wa achari na akaniweka upande wa upepo.

Dawa ya tatu. Hapa naandika polepole.

Kazini tuna unga wa kuzibulia mabomba. Utando wa sabuni ukishika bomba, tunamwaga unga ule, utando unayeyuka, maji yanapita. Nikawaza: utando wa kwenye bomba na utando wa kichwani kwa Bibi ni ndugu baba mmoja mama mmoja. Kinachomtoa huyu kitamtoa yule. Nilichukua chembe tu, ncha ya kijiko, nikakoroga kwenye kikombe. Nikapaka upande wa kushoto.

Ilianza kuwasha. Kisha ikaanza kuunguza. Nilikimbilia bomba la kichochoroni nikaingiza kichwa chote chini yake na sikukitoa mpaka akina mama wa foleni wakaanza kuniombea. Nilipopitisha mkono, nywele zilikuja na mkono. Nina uwazi juu ya sikio la kushoto, mkubwa kama sahani ya kikombe, mwekundu.

Nilirudi nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Kikombe kilikuwa bado pale mezani. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaza jambo moja tu, kwamba ningeweza kuanza na kichwa cha Bibi. Alikuwa amesema yuko tayari. Alikuwa amesema, chochote utakacholeta, mume wangu.

Nilimwaga kikombe. Nikakisuuza mara tatu, bila shaka kwa sababu ya usafi.

Baadaye nimepiga hesabu upya. Naona kipimo kilikuwa kikubwa.


Ijumaa, 8 Machi

Mama Saluni amenyoa kilichobaki. Alinipaka mafuta ya kutuliza bila kuniuliza kitu. Alipomaliza akanizungushia kiti kwenye kioo. Kichwa changu kina umbo ambalo sikulijua. Akasema kinyozi hajinyoi, nami nikamwambia mimi si kinyozi, mimi ni mtafiti.

Akafungua kabati. Akanipa chupa mbili zilizofika nusu, moja ya shampuu laini, moja ya kondishena. Akarudia maneno yake yote ya Jumatano, neno kwa neno, kama mtu anayemsomea mtoto. Kichwa peke yake. Maji mengine. Jagi. Kichana cha meno mapana, uanze chini kwenye ncha, upande juu, usivute. Safari hii nilisikiliza, ili nione kama utafiti wangu unakubaliana naye. Unakubaliana.

Jioni, kabla jua halijazama, nikabeba ndoo kumi na nne. Kumi za mwili, nne za kichwa. Kila nilipopita na ndoo, Bibi alikuwa amekaa dirishani. Kufikia ya tisa nilikuwa nabadilisha mkono kila hatua ishirini. Kufikia ya kumi na mbili nilitua mara tatu. Nilikuwa nikimpungia mkono ili asidhani nimechoka.

Mama Saluni alimwogesha, akamvika, akaondoka. Kisha Bibi akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti, shingo ameiegemeza kwenye ukingo wa sinki juu ya taulo lililokunjwa, uso ukitazama dari. Akasema kichwa ameniwekea mimi.

Nikaweka kiganja juu ya paji lake ili maji yasishuke usoni. Hakufumba macho. Nilimwaga jagi la kwanza taratibu, maji yakaenda nyuma, yakatoka na wingu jeupe la sabuni ya Jumatano. Shampuu. Jagi. Kondishena. Nikasubiri kama nilivyoambiwa. Kisha kichana, kutoka kwenye ncha. Fundo moja lilinichukua muda mrefu hivi kwamba maji ya ndoo ya mwisho yalipoa. Lilipoachia halikutoa sauti. Lilifunguka tu.

Akaniuliza kichwa changu kimefanya nini. Nikamwambia ndiyo mtindo. Akasema kwa mtindo huu atatafuta mume mwingine. Kisha akaomba mkono wangu aushike, akaugeuza, akatazama kiganja. Malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka. Akautazama na wa pili.

Nikadhani ameridhika.


Jumamosi, 9 Machi

Shangazi alifika saa nne kamili. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kofia. Shikamoo yangu aliipokea huku akinusa.

Bibi alikuwa dirishani. Nywele zimesukwa mikia miwili, nyeupe, zinang'aa, zimelala mabegani kama zamani. Shangazi akasimama katikati ya chumba. Akaenda akaugusa mkia mmoja kwa vidole viwili. Kisha mwalimu mkuu akapiga magoti, akaweka uso kwenye paja la mama yake, na mabega yake yakawa yanatikisika. Baba akatazama vidole vyake vya miguu. Mimi nikaangalia dari, kulikuwa na ufa pale.

Nikamwonyesha sinki. Akazunguka mara mbili. Akauliza harufu ya tairi ni ya nini. Nikamweleza kila kitu, ukiacha dawa ya tatu. Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, kwamba nimeshinda. Bibi anabaki.

Naandika tena: nimeshinda. Alilisema yeye mwenyewe, na Baba ni shahidi.

Halafu Shangazi akacheka kidogo, akasema ajabu ni kwamba kwake bafuni kuna sinki kama hilo, tena refu, la maji ya moto ya kufungulia bomba. Hajawahi kulitumia. Yeye ni mtu wa shawa, ya haraka, kengele isimkute. Miaka yote humo hutupia nguo chafu. Hakuwahi kuwaza kwamba Mama angelipenda.

Bibi akauliza maji yanaingia yenyewe? Shangazi akasema yanaingia yenyewe. Hakuna anayebeba? Hakuna.

Bibi akaniangalia. Aliniangalia mikono, si uso.

"Basi nitakwenda," akasema. "Mpaka nyonga ipone."

Nikamwambia Bibi, tumeshinda, huna haja ya kwenda. Nikamwambia mara mbili, labda hakusikia. Akasema amesikia. Akanivuta nikainama, akaweka kiganja kwenye upara wangu, upande ule usiouma. Akasema mume anayevunjika mgongo kila jioni kwa ajili ya kichwa cha mkewe hatafika uzeeni, naye anataka nifike.

Nilimbebea mto hadi kwenye gari. Chupa mbili nikamwekea kwenye mfuko, nikamwandikia Shangazi maelekezo kwenye karatasi. Kichwa peke yake. Maji mengine. Jagi. Uanze kwenye ncha. Shangazi akaisoma yote, akaikunja, akaiweka ndani ya pochi yake na si kwenye kiti.


Jumapili, 10 Machi

Baba ameuliza kama nimefunga bomba. Nimelifunga.

Jioni akauliza kama nimelifunga kweli. Kisha akakaa kidogo pale mlangoni, akasema nyumba imekuwa kubwa. Maneno mengine matatu hayo, kwa siku moja. Nikasema ndiyo.


Jumanne, 12 Machi

Nimekaa nikatafakari kama mtu mzima, bila hasira. Kwa nini Bibi aliondoka ilhali tulishashinda? Maneno ya mgongo nimeyaweka pembeni. Wazee husema hivyo kwa adabu, kuficha sababu yenyewe. Nimepitia kila kitu tangu Jumatano na jibu nimelipata.

Sinki lilikuwa fupi. Magoti yalibaki nje. La Shangazi ni refu. Basi.

Na leo, tukiwa kazini kwenye jumba moja linalokarabatiwa, nimeona sinki ambalo Shangazi hajaliota. La chuma, refu kama kitanda, kina chake kinafika mapajani. Mwenye nyumba analitoa bure kwa atakayelibeba. Nimelilalia mwenyewe kulipima, nikanyoosha miguu, Fundi akaniuliza kama nimekufa. Nimeshazungumza na mwenye mkokoteni. Stoo haitalipokea, lakini ukuta wa stoo si mnene, na Baba hurudi saa kumi na moja.

Linameza ndoo ishirini na sita. Bibi akiliona tu, atarudi mbio.